Magego Mawili ya Mume wa Saumu

Mama yangu alifariki akiamini kwamba nafanya kazi kwenye machimbo ya kokoto. Watu wa kijijini walipomuuliza mwanae anafanya nini Dodoma mjini, aliwajibu, "Anapima mawe," na baadhi yao wakanitumia salamu kuulizia bei ya lori moja. Sikumsahihisha. Ningemwambia nini? Kwamba nasaga jiwe mpaka liwe unga, natafuta ndani ya unga huo punje ndogo kuliko chembe ya chumvi, naiyeyusha kwa asidi, halafu nakaa kutwa nzima mbele ya mashine nahesabu atomi? Angeniuliza tu kama nimekula.

Ninyi vijana mnaoanza kazi hii mmenikuta nimestaafu, naishi Area D na redio yangu na mzabibu mmoja uliokataa kuzaa. Mmeniomba niwaeleze kazi ilivyokuwa. Ya vitabuni mtayasoma. Mimi nitawaambia machache ambayo hayamo humo, na kisa kimoja cha meno. Majina ya kwenye kisa hicho nimeyabadilisha. Mwenyewe aliniruhusu nikisimulie nikishastaafu, maana alisema hakuna tena aliyebaki wa kumcheka mumewe.

Kwanza kazi yenyewe, kwa ajili ya yule asiyeijua. Atomi za kitu kimoja hazilingani uzito. Strontiamu, madini yaliyomo kidogo kidogo ndani ya mawe, iko nyepesi na iko nzito kidogo, na hizo ndizo tunaziita isotopu. Spektromita ya masi, ambayo sisi tuliiita Mashine tu kana kwamba duniani hakuna nyingine, inazipasha moto atomi juu ya waya mwembamba, inazirusha ndani ya bomba lisilo na hewa, na sumaku inazipinda njiani. Nyepesi hupinda zaidi, nzito hupinda kidogo, na mwisho wa bomba kila aina huangukia kikombe chake. Unahesabu, unagawanya nzito kwa nyepesi, unapata namba. Itale kongwe, yaani majabali magumu kama haya tunayoyakalia hapa Dodoma na kule Manyoni, ina namba kubwa. Miamba ya volkano ya kaskazini, upande wa mlima Hanang, ni ya juzi tu kwa umri wa mawe, na namba yake ni ndogo. Shikeni hilo, maana kisa chote kimesimama hapo.

Aliyenifundisha ni Mzee Mathayo, mtu wa maneno machache, aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi hata siku ambazo hakuna mgeni. Alinipiga marufuku marashi, poda, pete, mafuta ya nywele na dawa ya viatu. "Unachokitafuta ni kidogo kuliko vumbi lililoko mkononi mwako," aliniambia. Siku za mwanzo nilikwenda kanisani nimejipaka na kazini sijajipaka, mpaka wenzangu wa kwaya walionikuta njiani asubuhi wakadhani nawaonea aibu watu wa kazini.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuweka tone la sampuli juu ya waya. Waya ni mwembamba kama unywele, na tone ni la kuliwaza tu. Unazuia pumzi, unalishusha, unapitisha umeme kidogo likauke taratibu. Ukiharakisha linaruka, na kazi ya wiki nzima imepotea. Mzee Mathayo alikuwa akiniangalia usoni kabla sijaanza. Akiona nimekunja uso, ananiambia, "Nenda kanywe chai kwanza. Tone halitaki mtu mwenye hasira."

Wakati huo hapakuwa na kompyuta ya kukufanyia hesabu. Kalamu ilichora vilima kwenye karatasi ndefu, nasi tukavipima urefu kwa rula. Leo kompyuta inakupa namba na kiasi cha kosa lake, na wapo wenye miali ya leza wanaochoma punje moja kwa moja bila kuiyeyusha. Sina wivu nao. Ila wakati wa rula ulilazimika kukaa na sampuli yako, na mtu akikaa na kitu kwa muda mrefu anaanza kukijua tabia.

Tulicheka pia. Mwenzetu mmoja alichoka kusubiri kinu cha chuma cha kusagia mawe kutoka nje, akaenda kwa mafundi wa Kizota, fundi mmoja akamfulia kinu kizuri sana kutokana na chuma cha gari bovu. Tatizo, fundi aliipenda kazi yake, akakipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ndani na nje. Rangi ile ilikuwa na madini ya risasi, ambayo nayo tunayatumia kupimia umri wa mawe. Msimu ule mawe yetu makongwe kuliko yote yakatoka na risasi ya juzi. Tulikagua maji, asidi, hata dari. Mzee Mathayo alipokishika kile kinu na kuona kidole chake kimekuwa chekundu, alicheka mpaka akakaa chini. Kinu kikawa cha kuzuilia mlango.

Baadaye Mzee Mathayo alistaafu, akarudi kwao, na haukupita muda mrefu tukamzika. Yule wa kinu alipelekwa kusoma ng'ambo, akabaki hukohuko. Nikabaki na Mashine. Sikuolewa, na shangazi zangu wanaisingizia Mashine, lakini haikuwa kosa lake.

Nitawaambia upweke wa kazi hii ukoje, maana hamtaambiwa na mtu mwingine. Unapata jibu ambalo hakuna mtu mwingine duniani analo, halafu huna wa kumwambia. Siku moja nilipima punje iliyotoka na umri mkubwa kuliko zote nilizowahi kuziona. Nilitoka nje kumtafuta mtu wa kumwambia. Aliyekuwepo ni mlinzi na redio yake. Nikamwambia, "Leo nimepata jiwe kongwe sana." Akasema, "Hongera mama," akaendelea kusikiliza mpira. Nikarudi ndani nikala viazi vyangu. Majibu nilikuwa nayatuma kwa watu nisiowajua, katika miji nisiyoijua, na wao wakijibu, wanajibu kwamba wameyapokea.

Basi asubuhi moja akaja daktari kijana kutoka hospitalini, amekishika kichupa cha plastiki kama mtu aliyebeba yai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeniletea jiwe gani?"

"Si jiwe, mama. Ni gego la mtu."

Wachimba mchanga walikuwa wamefukua mifupa kwenye mto mkavu, kaskazini mwa mji, si mbali na barabara ya Kondoa. Ilikuwa ya mwanaume mtu mzima, aliyelala mchangani miaka kadhaa. Mafuriko yalimleta kutoka kusikojulikana, na hakuwa na nguo wala kitambulisho. Mwanamke mmoja wa Kondoa alikuwa amejitokeza kusema huenda ni mumewe, mfanyabiashara wa mbuzi aliyeondoka kwenda mnadani msimu wa mvua kubwa na hakurudi.

"Na kipimo cha vinasaba?" nilimuuliza.

"Kinahitaji ndugu wa damu, mama. Huyo mume alikuwa yatima, ndugu zake hawajulikani, na yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto. Lakini mwalimu wetu aliwahi kutuambia kwamba jino hubeba alama ya mawe ya mahali mtu alipokulia. Nikakukumbuka wewe."

Mwalimu wake alisema kweli. Mtoto anakunywa maji ya kisima na kula uji wa uwele wa shamba la kwao. Strontiamu ya miamba inapita humo, inaingia mwilini, na enameli, lile ganda gumu la nje ya jino, inapoumbika inaifungia ndani. Mfupa hujibadilisha maisha yote, na ukizikwa unanyonya vya udongoni. Enameli ikishakauka haibadiliki tena. Mkewe alisema mume alikulia Manyoni, kwenye itale. Maji na nafaka za huku kwetu tulikwisha kuvipima miaka mingi. Swali lilionekana jepesi.

Kabla sijaanza, yule mke alikuja mwenyewe. Nitamwita Saumu, na mumewe nitamwita Hamisi. Nilimkuta amekaa kwenye benchi la ukumbini, mkoba wake magotini, amejitanda kanga juu ya gauni lake la safari. Alikuwa wa rika langu.

"Dada, nimeambiwa jino liko kwako."

"Liko kwangu."

"Naweza kuliona?"

Chumba safi hakiingii mgeni. Nikamletea kichupa mpaka mlangoni. Alikitazama bila kukigusa, muda mrefu.

"Meno ya watu yanafanana," alisema. "Nilidhani nikiliona nitalijua." Kisha akauliza, "Ukilipima utajua kama ni yeye?"

"Nitajua kama alikulia kwenye mawe ya huku au kwingine. Jina lake mashine haitaniambia."

"Basi nitasubiri. Kusubiri nimezoea."

Kaka yake alikuwa amemshauri siku nyingi aende akaombe ndoa ivunjwe, aanze maisha mengine. Alikataa. Hayo nilikuja kuyajua baadaye.

Nilichukua kipande cha enameli kidogo kuliko punje ya mchele. Nikakisafisha, nikakiyeyusha, nikakipitisha kwenye mrija wa kuchujia strontiamu, nikakausha, nikaweka tone langu juu ya waya. Mashine ilitulia asubuhi ile bila matata na umeme haukukatika. Namba ikatoka ndogo. Nikapima sampuli ya kiwango, ile ambayo jibu lake linajulikana, nihakikishe Mashine haina kasoro. Haikuwa nayo. Nikapima tena jino. Ndogo vilevile. Mwenye gego hili alinyonya na kuanza kunywa uji penye mawe ya volkano.

"Basi si yeye," daktari alisema kwenye simu. "Mtu wa Manyoni hawezi kuwa na namba hiyo." Alitaka kumpigia Saumu. Nilimwomba aniachie. Katika miaka yangu yote sikuwahi kumpelekea mtu jibu lake mkononi, na lilikuwa jibu zuri. Nikapanda basi la Kondoa.

Nyumba ya Saumu iko nyuma ya msikiti, uani pamefagiwa. Kaka yake alikuwepo, na wifi yake, na majirani wawili watatu. Nilipowaeleza, kaka alifuta uso kwa viganja. "Alhamdulillahi," alisema. "Basi huenda yuko mahali, anahangaika tu na maisha." Ikaletwa chai na maandazi. Watu walinishukuru kana kwamba mimi ndiye niliyemweka Hamisi hai. Nakiri nilifurahi sana. Nilijiona kama mtu aliyechelewa kugundua kwamba kazi yake ina uso.

Saumu peke yake hakugusa andazi. Baadaye akaniuliza, "Huyo aliyeko hospitalini, yeye alikulia wapi?"

"Upande wa Hanang, au mahali penye mawe ya namna ile."

Akaweka kikombe chini.

Nilipoaga alisimama kunisindikiza mpaka stendi. Tulipita maduka ya nafaka. Tulipofika mahali pasipo na watu akasema, "Dada Ester, nikuulize kitu cha kazi yako. Hilo jino linakumbuka umri gani?"

"Utoto wa mwanzo kabisa. Tangu kuzaliwa, mpaka mtoto anapoanza kuongea vizuri."

Alisimama. "Mume wangu hakuzaliwa Manyoni," alisema.

Akaniambia yote pale, ameshika upindo wa kanga yake. Hamisi alizaliwa chini ya mlima Hanang. Mwaka wa njaa baba yake alimtoa kwa mwashi mmoja aliyepita na lori, mtu aliyetaka mtoto na hakuwa naye. Meno ya utotoni yalikuwa ndiyo yanang'oka. Alikumbuka hilo kwa sababu jino moja lilimtoka ndani ya lile lori, na hakuwa na wa kumwonyesha. Yule mwashi alimlea Manyoni na kumpa jina lake. Wenzake walimwita mtoto wa kuokotwa mpaka akawa kijana, ndipo akakimbilia Kondoa na kuwaambia watu kwamba yeye ni yatima wa Manyoni, basi.

"Aliniambia mara moja, mwaka tuliooana," Saumu alisema. "Akaniapisha. Hata kaka hajui."

"Ungenyamaza," nilimwambia, "ungeendelea kumngoja."

"Najua. Nilipokuwa nakunywa chai nilikuwa nafikiria kunyamaza." Aliangalia njia tuliyotoka. "Lakini kama ni yeye, yuko kwenye boksi hospitalini, na sisi hapa tumekunywa chai tukishukuru kwamba si yeye."

Kisha akauliza, "Kwenye lile taya kuna meno mengine?"

Sasa sikilizeni, vijana, maana hii ni ya kazi. Meno hayaumbiki siku moja. Gego la kwanza, kama lile nililokwisha kulipima, linabeba uchanga. Gego la mwisho, lile linalomsumbua mtu ukubwani, enameli yake huumbika mtoto akiwa ameshakuwa wa kutumwa dukani na kuchunga mbuzi. Mtu aliyehamishwa katikati anabeba nchi mbili kinywani. Gego la mwisho la yule marehemu likitoa namba ndogo, hakuhama, wala si Hamisi. Likitoa namba kubwa, basi. Nikamweleza Saumu hivyo hivyo.

"Lipime," alisema, akanisukuma kidogo kuelekea kwenye basi.

Daktari akaniletea gego la mwisho la lile taya. Mzee Mathayo alinifundisha nikiwa na sampuli ninayoitakia jibu niifiche jina, niipe namba ya kawaida katikati ya mawe mengine, nisijue ni zamu ya nani. Nikafanya hivyo. Nikaipanga na itale na mchanga. Lakini mikono yangu ililijua lile jino, na lilipofika zamu yake nililijua. Nilitamani namba ndogo. Sijawahi kutamani jibu namna ile, na siwashauri. Namba ikaanza kujikusanya kwenye kioo, ikatulia, kubwa, itale tupu. Nikajikuta nasema kwa sauti, "Pole." Sijui nilimwambia nani, maana chumbani nilikuwa peke yangu.

Namba mbili hazitoshi kumtaja mtu mbele ya sheria, na niliandika hivyo. Watoto wengine pia walihamishwa kutoka mlimani kuja kwenye itale. Lakini umri, kimo, miaka ya kupotea na njia aliyopita vilikubaliana, na hospitali na polisi wakaridhika mkewe apewe.

Nikapanda basi tena. Nilimkuta uani anapepeta uwele. Aliniona mlangoni, hakusimama. Akamaliza ungo ule wote, akaumimina kwenye beseni, akajikung'uta mikono.

"Namba imepanda?" aliuliza.

"Imepanda."

Alikubali kwa kichwa, akaniletea kigoda nikakaa. Kaka yake alipokuja alitaka kuelewa. "Juzi umetuambia si yeye," aliniambia, na alikuwa na haki ya kukasirika. Nilimwona Saumu ananitazama. "Jino moja halitoshi, kaka," nilijibu. "Tumepima la pili." Ilikuwa kweli, na sikuongeza neno.

Shehe alimweleza Saumu kwamba hana eda ya kukaa. Eda huhesabiwa tangu mume anapofariki, na yake ilikwisha pita zamani. Aliniambia hayo jioni ya mazishi, tumekaa mkekani na wanawake wengine. "Nilikuwa mjane bila kujua," alisema kwa sauti ya chini. "Eda yangu ilipita huku namwekea chakula kwenye hotipoti." Wanaume walikuwa wamekwisha rudi kutoka makaburini. Mifupa ilikuwa imeoshwa, ikavishwa sanda, ikaswaliwa. Mimi Mkristo nilikaa nao mpaka chakula kikaliwa.

Ndipo akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza tangu nianze kazi. "Dada Ester, vile vipande ulivyovichukua, viko wapi?"

"Niliviyeyusha."

"Vyote viliisha?"

Nikafikiri. Sehemu iliungua juu ya nyaya. Sehemu ilibaki kwenye vikombe vya maabara, maana kila mara tunabakiza kidogo, kazi isije ikaharibika. "Havikuisha," nilisema.

Nilirudi Dodoma. Nikakausha mabaki ya vikombe vyote viwili polepole, mpaka asidi yote ikaondoka. Kilichobaki kilikuwa doa jeupe, kama chumvi iliyokaukia kidoleni. Nikalikusanya kwa pamba safi. Nikazitoa na zile nyaya mbili zilizopinda kwa moto. Kwa utaratibu vitu hivyo hutupwa au huhifadhiwa kwa namba. Mkubwa wangu nilimweleza ukweli, akanitazama kidogo, akasema, "Peleka, mama."

Nikarudi Kondoa, na asubuhi tulikwenda makaburini watu watatu, mimi, Saumu na kaka yake. Kaka yake alifukua kidogo upande wa kichwa. Saumu alikuwa amekata kipande cha sanda iliyobaki. Akaifunga ile pamba na zile nyaya, akainama akaviweka, akafukia kwa mkono wake. Kaka yake akasoma dua, kisha akatangulia na jembe ili atuache kidogo.

Saumu alibaki amechuchumaa. "Watu wote wa hapa wamemzika Hamisi wa Manyoni," alisema. "Yule mtoto wa mlimani tumemzika sisi wawili."

Nilirudi na basi la mchana. Aliyekaa pembeni yangu alikuwa mama wa makamo, mchangamfu. Akaona udongo mwekundu kwenye viatu vyangu, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia natoka makaburini.

"Pole sana. Marehemu alikuwa nani wako?"

Nilitafuta neno mpaka tukaacha nyumba za mwisho za mji.

"Namfahamu tangu akiwa mtoto mchanga," nilimjibu, naye akanishika mkono, akaushikilia.